Sura ya Saba: Gawa Tiketi, Usigawe Safari

Nauli ya treni ina siri ambayo wasafiri wengi hawajaambiwa: bei ya safari ndefu si lazima ilingane na jumla ya bei za vipande vyake. Kutoka Kindu hadi Kongolo kuna bei yake. Kutoka Kongolo hadi Kabalo kuna bei yake. Na kutoka Kindu hadi Kabalo, kwa treni ileile na kiti kilekile, kuna bei ya tatu. Bei hiyo ya tatu yaweza kulingana na zile mbili zikijumlishwa, yaweza kuwa chini yake, na yaweza kuwa juu yake. Ikiwa juu, msafiri aliyekata tiketi mbili badala ya moja hubaki na pesa mfukoni, na amefika palepale alipokuwa akienda.

Sura hii inahusu pesa hizo. Nimewawaza hasa watu wa Kindu, katika jimbo la Maniema nchini Kongo: mama anayepeleka mchele na mafuta ya mawese kusini, kijana anayekwenda kusoma Lubumbashi, baba anayerudi nyumbani Kibombo na watoto wanne. Kwao nauli ni fungu kubwa la mapato ya mwezi, na reli ni mojawapo ya njia chache za kutoka Maniema ukiwa na mzigo mzito, kwa sababu ndege inapima kila kilo na barabara huliwa na mvua. Kwa hiyo hesabu ya tiketi inastahili kufanywa kwa makini, kama hesabu ya duka.

Nitaonyesha mbinu ilikotoka, kwa nini inafaa katika reli fulani na kuleta hasara katika nyingine, na jinsi mtu wa Kindu anavyoweza kuipima mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Mbinu ilivyo

Nchi ambako mbinu hii imekomaa ni Uingereza. Mtu anayetoka Bristol kwenda London asubuhi, saa ambazo wafanyakazi hujazana, hutozwa nauli ya saa za msongamano kwa safari nzima. Katikati ya njia kuna stesheni ya Didcot Parkway. Akikata tiketi ya kwanza ya Bristol hadi Didcot, na ya pili ya Didcot hadi London, mara nyingi jumla huwa ndogo kuliko tiketi moja. Hashuki, habadilishi behewa, hata begi lake haligusi. Treni inaposimama Didcot, tiketi ya kwanza imekwisha kazi na ya pili imeanza.

Jambo hilo ni halali kabisa. Masharti ya usafiri wa reli nchini humo yanaruhusu abiria kutumia tiketi mbili au zaidi kwa safari moja, na sharti kuu ni kwamba treni iwe inasimama kwenye stesheni ambako tiketi moja inaishia na nyingine inaanzia. Treni ikiipita stesheni hiyo bila kusimama, tiketi hizo hazifai kwa treni hiyo, na abiria atahesabiwa kuwa amesafiri bila tiketi sahihi.

Tofauti hiyo ya bei ilizaliwa na historia. Shirika la reli la Uingereza lilibinafsishwa katikati ya miaka ya 1990, na huduma ya abiria ikagawiwa kampuni zipatazo 25. Baadhi ya nauli zikaendelea kudhibitiwa na serikali, nyingine zikaachwa mikononi mwa kampuni. Zikaongezwa saa za msongamano na saa za nafuu, ambazo hazianzi wakati mmoja katika kila stesheni. Miaka ilivyokwenda, bei ya njia ndefu na bei za vipande vyake zikaachana. Wasafiri wakagundua pengo hilo, wakaanza kuelezana, na leo kuna programu za simu zinazotafuta mahali pa kugawa tiketi kwa niaba yako. Baadhi huchukua sehemu ya pesa ulizookoa kama malipo.

Hapo tunapata kanuni ya kwanza ya sura hii. Kugawa tiketi kunaleta faida pale tu ambapo nauli haikufuata umbali kwa utaratibu mmoja. Kabla ya kuuliza wapi pa kugawa, uliza kwanza nauli yenyewe ilihesabiwaje.

Aina tatu za nauli

Reli za dunia zina njia nyingi za kupanga bei, lakini kwa msafiri anayetafuta nafuu zinatosha aina tatu.

Aina ya kwanza ni nauli ya kilomita sawa. Kila kilomita ina bei yake, iwe ya kwanza au ya mia nne. Mfano mzuri uko Tanzania, kwenye reli mpya ya kisasa kutoka Dar es Salaam. Treni ya abiria ilianza kwenda Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, LATRA, iliweka nauli ya daraja la kawaida kuwa shilingi 69.51 kwa kilomita kwa mtu mzima. Kwa kilomita 192 za Morogoro ikatoka nauli ya shilingi 13,000, na kwa kilomita 444 za Dodoma ikatoka shilingi 31,000. Chukua kalamu uzidishe mwenyewe, utaona hesabu inakubali, isipokuwa tarakimu za mwisho zilizosawazishwa. Katika nauli ya namna hii, kugawa tiketi Morogoro hakukupi kitu. Utapata au kupoteza shilingi mia chache za kusawazisha tarakimu, basi. Anayetaka nafuu hapo achague treni inayosimama vituoni badala ya ile ya haraka, au akate daraja la chini, au akumbuke kwamba mtoto wa kati ya miaka minne na kumi na miwili hulipa nusu.

Aina ya pili ni nauli inayopungua kwa umbali. Kilomita za mwanzo ni ghali, na kadiri unavyokwenda mbali kila kilomita inayoongezeka hushuka bei. Ndivyo reli za India zilivyopanga nauli zao kwa miongo mingi. Mwenye kununua kitenge anaifahamu hesabu hii: pande zima lina bei nafuu kuliko vipande vilivyokatwa kimoja kimoja. Katika nauli ya namna hii kugawa tiketi ni hasara tupu, kwa sababu kila tiketi mpya inaanza tena na kilomita zile ghali za mwanzo. Mhindi anayetaka kupumzika njiani hakati tiketi mbili. Anakata tiketi moja ya safari yote, na kanuni za reli yake zinamruhusu, ikiwa safari inazidi kilomita 500, kushuka njiani akakaa siku mbili kisha akaendelea kwa tiketi ileile. Huko hekima ni kuunganisha.

Aina ya tatu ni nauli iliyovunjika, kama ile ya Uingereza. Bei za vipande zimepangwa na watu tofauti, au kwa nyakati tofauti, au kwa sababu tofauti. Sehemu moja ina ushindani wa mabasi, kwa hiyo nauli yake imeshushwa. Sehemu nyingine haina barabara, kwa hiyo nauli imepanda. Mahali sehemu hizo mbili zinapokutana ndipo pa kuchunguza.

Basi mtu akikwambia kwamba kugawa tiketi kunaokoa pesa, au kwamba hakuokoi, muulize anazungumzia reli gani. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Reli iliyozaliwa vipande vipande

Sasa turudi Kindu, kwa sababu hakuna mji katika eneo letu unaofundisha somo la vipande vya safari vizuri kuliko huu.

Mwaka 1902 iliundwa kampuni ya reli za Kongo ya Juu na Maziwa Makuu, iliyojulikana kwa herufi CFL. Mwenye mtaji alikuwa tajiri wa Ubelgiji, Baron Édouard Empain, yuleyule ambaye kampuni zake zilijenga metro ya Paris na kitongoji cha Heliopolis mjini Cairo. Jina lake lilibandikwa hata kwenye mji wetu, ukaitwa Kindu-Port-Empain. Kazi ya CFL ilikuwa kuufanya Mto Lualaba kuwa njia ya biashara kutoka Kisangani hadi Katanga.

Mto haukukubali kupitika wote. Kati ya Kisangani na Ubundu kuna maporomoko ya Boyoma, kwa hiyo ikajengwa reli ya kilomita 125, iliyokamilika mwaka 1906. Kutoka Ubundu hadi Kindu maji ni tulivu kwa kilomita zipatazo 300, hapo ikatumika meli. Kutoka Kindu hadi Kongolo mto una mawe na maji ya kasi, ikajengwa reli ya pili ya kilomita 355, ikakamilika mwishoni mwa mwaka 1910. Kutoka Kongolo hadi Bukama, meli tena. Mwaka 1915 ikaongezwa reli ya tatu, ya kilomita zipatazo 270, kutoka Kabalo hadi Ziwa Tanganyika, kwenye mji unaoitwa leo Kalemie. Reli iliyotoka Lubumbashi nayo ilifika Bukama mwaka 1918.

Fikiria mzigo mmoja wa mpunga au pembe za ndovu ukisafiri kutoka Kisangani kwenda Lubumbashi miaka hiyo. Treni, meli, treni, meli, treni. Kila mahali chombo kilipobadilika palihitaji wapagazi wa kupakua na kupakia, ghala la kuhifadhi, karani wa kuandika, na siku za kungoja. Abiria naye alihitaji chakula na mahali pa kulala. Gharama ya safari haikuwa nauli peke yake. Sehemu kubwa ililala kwenye viungo.

Tazama basi kampuni ilitumia nguvu zake wapi. Mwaka 1939 reli iliunganishwa kutoka Kongolo hadi Kabalo, daraja likivuka Lualaba. Katikati ya miaka ya 1950 njia ya CFL kusini mwa Kindu, iliyokuwa na upana wa mita moja, ilipanuliwa kufikia milimita 1,067 ili ilingane na reli za Katanga, na mwaka 1956 ukakamilika mstari wa Kabalo hadi Kamina. Tangu hapo behewa lililopakiwa Kindu liliweza kufika Lubumbashi bila kupakuliwa njiani, zaidi ya kilomita 1,400. Mwaka 1974 CFL na kampuni nyingine za reli zikaunganishwa kuwa shirika moja la taifa, ambalo leo ni SNCC.

Nusu karne nzima na mamilioni ya franka zilitumika kuondoa viungo vya safari hii. Waliofanya hivyo walikuwa wafanyabiashara wakali wa hesabu, na walichokiona ni hiki: mahali pa kukatia safari panakula pesa kuliko kilomita za njia. Tunapozungumza juu ya kugawa tiketi, tusilisahau somo hilo. Karatasi inaweza kugawika bila gharama. Safari yenyewe ikigawika, gharama zote za zamani zinarudi, yaani mpagazi, malazi, chakula, na siku zilizopotea.

Hiyo ndiyo kanuni ya pili, na ndiyo iliyoipa sura hii jina lake. Gawa tiketi, usigawe safari.

Hesabu ya Kindu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari. Tarakimu zifuatazo ni za kujifunzia tu, nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Siku utakayosafiri, ziondoe uweke zile ulizopewa dirishani.

Tuseme mama mmoja anatoka Kindu kwenda Kabalo. Tiketi moja ya safari yote ni franka 60,000. Anauliza bei za vipande, anaambiwa Kindu hadi Kongolo ni 38,000, na Kongolo hadi Kabalo ni 15,000. Jumla ni 53,000. Akikata tiketi mbili za treni hiyohiyo na akabaki kitini, ameokoa 7,000. Pesa hizo ni chakula cha njiani.

Sasa tubadilishe jambo moja. Tuseme tiketi ya Kongolo hadi Kabalo haiuzwi Kindu, ni lazima ainunue Kongolo. Treni inafika usiku, dirisha limefungwa, na treni inaondoka kabla ya asubuhi. Mama analazimika kushuka. Anamlipa mpagazi 3,000 kushusha magunia, na 3,000 tena kuyapandisha siku atakapoondoka. Kila siku anayongoja anatumia 8,000 kwa kulala na kula. Siku ya kwanza tu, akiba yake ya 7,000 imeshaliwa mara mbili. Na reli ya Kindu haina treni ya abiria ya kila siku. Anayeshuka njiani anaweza kungoja siku nyingi sana kabla treni nyingine haijapita, huku mchele ukipata unyevu na mnunuzi wake Kabalo akinunua kwa mwingine.

Sasa tugeuze bei. Tuseme Kindu hadi Kongolo ni 48,000 na Kongolo hadi Kabalo ni 20,000. Jumla ni 68,000, wakati tiketi moja ni 60,000. Hapo nauli inapungua kwa umbali, na mwenye kugawa amejitoza 8,000 zaidi. Huyu akate tiketi moja, akapumzike.

Umeona hali tatu zimetoka katika njia ileile. Kinachoamua ni tarakimu za dirishani na uhakika wa kubaki kitini. Ukikosa kimojawapo, usigawe.

Kuna hali ya nne, rahisi kuliko zote, na watu wengi huisahau. Anayekwenda Kasongo hushuka Samba na kuendelea kwa barabara. Anayekwenda mashambani karibu na Kibombo hushuka Kibombo. Nimesikia watu wakikata tiketi ya stesheni kubwa iliyo mbele kwa sababu ndiyo wanayoijua kwa jina, au kwa sababu mwenzao alikata hiyo. Kilomita usizosafiri ni kilomita ulizolipa bure. Taja stesheni yako kwa jina lake, na uhakikishe ndiyo iliyoandikwa kwenye tiketi.

Mzigo ni nauli ya pili

Kwa msafiri wa Kindu, mzigo mara nyingi hugharimu kuliko mtu. Hapa ndipo kugawa kunaweza kukuletea faida kubwa, ukigawa inavyotakiwa.

Kwanza, uliza kila tiketi inabeba kilo ngapi bila malipo ya ziada. Haki hiyo inahesabiwa kwa mtu. Familia ya watu watano yenye tiketi tano ina haki tano, hata kama magunia yote ni ya baba. Wakipima mzigo pamoja kwa jina lake peke yake, watalipishwa ziada ambayo hawakustahili kulipa. Gawanyeni mizigo kwa tiketi kabla ya kufika kwenye mizani.

Pili, linganisha bei ya mzigo unaofuatana na abiria na bei ya mzigo wa kawaida unaokwenda kwa behewa la bidhaa. Mchele na mawese havihitaji kufika siku moja na wewe. Mwenye magunia mengi mara nyingi atapata nafuu akiyasafirisha kama bidhaa, na yeye akasafiri na begi lake. Hili nalo ni kugawa tiketi, ila wanaotenganishwa ni mtu na mali yake.

Tatu, ukigawa tiketi yako njiani, usigawe karatasi ya mzigo. Mzigo uandikishwe kuanzia stesheni unakopanda hadi stesheni ya mwisho, kwa stakabadhi moja. Ukiuandikisha hadi Kongolo tu kwa sababu tiketi yako ya kwanza inaishia Kongolo, utashushwa Kongolo. Utatozwa tena kuupima na kuupakia, na unaweza kuachwa kwenye jukwaa treni ikiondoka nawe.

Watu, madaraja na maji

Vipande vya safari havihitaji kufanana daraja. Katika safari ya siku kadhaa, mtu mzima mwenye afya anaweza kustahimili daraja la chini kwa sehemu fupi ya mchana, akakata daraja la juu kwa sehemu ndefu yenye usiku. Mama mjamzito au mzee naye anaweza kupewa daraja la juu peke yake, na vijana wa familia wakakaa la chini. Katika familia nyingi za kwetu watu wote hufuata daraja moja kwa sababu ya heshima. Heshima ya kweli ni kumlaza mzee vizuri na kubakiza pesa za kumtibu.

Kwa wale wanaokwenda mbali zaidi, mathalani Kindu hadi Dar es Salaam kwa reli na ziwa, tiketi ni lazima zigawike: treni hadi Kabalo, treni nyingine hadi Kalemie, chombo cha majini hadi Kigoma, na treni ya Tanzania, kwenye reli ya zamani iliyofika Kigoma mwaka 1914. Njia hii ina umuhimu wa kale. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya franka moja kwa mwaka, ili bidhaa za Kongo zipite hadi Bahari ya Hindi. Wakubwa wale walijua kwamba safari yenye vipande vingi inahitaji makubaliano ya mapema katika kila kiungo. Msafiri naye afanye vivyo hivyo. Aulize kwanza siku ya chombo cha ziwani, kisha ahesabu kurudi nyuma hadi siku ya kuondoka Kindu. Tiketi ya bei nafuu inayomfikisha Kalemie siku moja baada ya chombo kuondoka ni tiketi ghali.

Akiba isiyofaa kuguswa

Kuna namna moja ya kupunguza nauli ambayo lazima niiseme waziwazi, kwa sababu inaua. Ni kupanda treni ya mizigo.

Tarehe 22 Aprili 2014 treni ya mizigo ilianguka Katongola, karibu na Kamina, ikiwa na watu wengi juu yake, na makumi yao wakafa. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022 nyingine ilianguka Buyofwe, katika jimbo la Lualaba. Zaidi ya watu 70 walikufa, na wengi wakajeruhiwa. Waliokufa hawakuwa wahalifu. Walikuwa watu kama sisi, waliokosa treni ya abiria au nauli yake, wakakaa juu ya mabehewa na mizigo yao kwenye reli iliyochoka.

Ninajua kinachowasukuma. Kati ya mwaka 1998 na 2004 vita viliifunga Kindu, na treni ilipofika tena mwaka 2004, baada ya miaka sita, mji mzima ulitoka kuipokea. Mji ulioishi bila treni kwa muda huo hauiachi ipite hivihivi, hata ikiwa ya mizigo. Lakini hakuna akiba yenye thamani ya mtoto anayebaki yatima. Ukikosa nauli, changa na wenzako, ahirisha, uza gunia moja kabla ya kuondoka. Usipande juu ya behewa.

Karibu na hilo kuna desturi ya kupanda bila tiketi na kulipa mkononi, bila risiti. Inaonekana nafuu siku ile. Lakini asiye na tiketi hana kiti anachoweza kudai, hana mzigo unaotambuliwa, na treni ikikwama njiani hana karatasi ya kuonyesha kwamba alilipa hadi wapi. Pesa hizo pia hazifiki kwenye reli, na reli isiyopata pesa haitengenezwi. Tiketi mbili halali zinampa msafiri haki zake zote. Kutokuwa na tiketi kunamnyima zote.

Maswali matano dirishani

Mambo yote ya sura hii yanaingia katika maswali matano. Yaulize kwa adabu, mapema, siku ambayo foleni si ndefu, na uandike majibu.

La kwanza: kutoka hapa hadi ninapokwenda ni bei gani kwa tiketi moja?

La pili: kutoka hapa hadi stesheni kubwa ya katikati ni bei gani, na kutoka huko hadi mwisho ni bei gani? Kwa Kindu, ulizia Kongolo, Kabalo na Kamina, kwa sababu ndizo stesheni ambako njia ziliunganishwa au zinaachana.

La tatu: je, tiketi zote mbili naweza kuzikata hapa hapa, kwa treni hii hii na tarehe ya kuondoka hii hii? Jibu likiwa hapana, usiendelee. Treni ikichelewa siku mbili, tiketi ya pili yenye tarehe yake yenyewe inaweza kukataliwa.

La nne: je, kiti changu ni kilekile hadi mwisho? Tiketi ya pili isiyo na nafasi inaweza kukuinua Kongolo, akapewa kiti mtu aliyepanda huko.

La tano: mzigo wangu utaandikwa hadi wapi, na kilo ngapi zinapita bila malipo ya ziada?

Anayeuza tiketi akiona unauliza kwa utaratibu, naye atakujibu kwa utaratibu. Na akikuambia kanuni haziruhusu tiketi mbili kwa safari moja, mwombe akuonyeshe kanuni hiyo, kisha uifuate.

Maswali haya matano yasingehitajika kama kila stesheni, kuanzia Kindu, Kibombo na Samba hadi Kongolo, ingekuwa na ubao mbele ya dirisha wenye jedwali la nauli: stesheni zote, madaraja yote, kilo za mzigo, na tarehe ya kuanza kutumika. Jedwali la namna hiyo lingempa mama asiyejua kuuliza haki ileile anayopata mtu mwenye ndugu ofisini. Lingemlinda pia karani mwaminifu dhidi ya shutuma. Abiria wa Maniema wana haki ya kulidai, kwa barua, kupitia vyama vya wafanyabiashara, na kupitia wabunge wao wa jimbo. Kugawa tiketi kunamwokoa msafiri mmoja franka elfu kadhaa siku moja. Bei iliyobandikwa mahali pa wazi inaweza kuwaokoa wasafiri wote, kila safari.